Gari la Kukodi Ugenini: Ulinganisho wa Machaguo Yanayoamua Usalama Kabla ya Kuwasha Injini

Mtalii anayekodi gari katika nchi asiyoijua kwa kawaida hulinganisha bei kwanza, kisha nafasi ya mizigo, kisha masharti ya kurudisha gari, na usalama huachwa ujitokeze wenyewe barabarani, kana kwamba ni jambo la mikono na macho peke yake. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya usalama huo huamuliwa siku nyingi kabla, mtu anapojaza fomu ya kukodi na kuulizwa maswali yanayoonekana madogo: gia za aina gani, gari la ukubwa gani, lichukuliwe saa ngapi, bima ipi, dereva mmoja au wawili. Hapa chini machaguo hayo yamewekwa sambamba, na kipimo ninachokitumia ni kimoja tu: ni chaguo lipi linalomwachia dereva umakini mwingi zaidi kwa ajili ya barabara yenyewe.

Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Dereva mzoefu akiwa katika barabara zake hafikirii jinsi ya kubadilisha gia, kutazama kioo au kuingia kwenye mzunguko, kwa sababu mwili umeshajifunza, na akili hubaki huru kumwona mtoto anayekaribia kuvuka. Ugenini mambo hayo yote hurudi mikononi mwa akili kwa wakati mmoja, na akili ina kikomo. Kila kitu kinachoweza kuondolewa kwenye mzigo huo kabla ya safari kina thamani kubwa kuliko bei yake.

Kuendesha mwenyewe au kukodi gari pamoja na dereva

Swali hili hutangulia mengine yote, na wengi hulipita bila kulijibu. Kuendesha mwenyewe humpa mtu uhuru wa kusimama popote na kubadili njia wakati wowote, na kwa safari ya siku nyingi nje ya miji hakuna kinachoufikia uhuru huo. Gari lenye dereva lina faida ambayo haionekani kwenye bei: linaletwa na mtu anayezisoma alama za barabarani kwa lugha yake, anayejua ni wapi waenda kwa miguu huvuka bila kutazama, na ambaye likitokea jambo anajua aanzie wapi.

Ninapopima mawili haya huangalia mambo matatu: kama upande wa kuendeshea ni tofauti na ule niliouzoea, kama alama zimeandikwa kwa hati nisiyoisoma, na kama safari inapita katikati ya jiji lenye msongamano. Likiwapo moja tu, kuendesha mwenyewe kunawezekana kwa maandalizi. Yakikutana mawili, ni busara kumtumia dereva au usafiri wa umma kwa siku zote za jijini na kuchukua gari siku ya kutoka nje ya jiji, kwa kuwa hakuna sheria inayosema chaguo liwe moja kwa safari nzima.

Mahali pengine sheria ndiyo inayochagua. Kibali cha kimataifa cha udereva hutolewa kwa misingi ya Mkataba wa Geneva wa 1949 au Mkataba wa Vienna wa 1968, na watu wengi hawatambui kwamba vibali hivyo ni viwili tofauti na kwamba si kila nchi hukubali vyote. Japani, kwa mfano, hukubali kile cha 1949 tu, ambacho hudumu mwaka mmoja, na China bara haikitambui hata kimoja, hivyo mgeni anayetaka kuendesha huko hulazimika kupata leseni ya muda ya nchi hiyo. Kibali ni tafsiri ya leseni, si leseni. Hubebwa pamoja na leseni yenyewe, na hutolewa katika nchi iliyompa mtu leseni hiyo, kabla hajaondoka. Anayeendesha bila hati inayokubalika hakabiliwi na faini pekee, kwani bima yake yaweza kukataa kulipa lolote.

Kushoto au kulia: hatari haiko mahali inapodhaniwa

Takribani theluthi moja ya watu duniani wanaishi katika nchi za kuendesha upande wa kushoto, zikiwemo Uingereza, India, Japani, Australia, Afrika Kusini na Indonesia. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, na Samoa ikahama kutoka kulia kwenda kushoto tarehe 7 Septemba 2009. Kisa cha Sweden kina funzo kwa mtalii. Baada ya mabadiliko yale ajali zilipungua kwa muda, kisha katika miaka iliyofuata zikarudi kama zamani, na maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba watu waliendesha kwa uangalifu mkubwa walipokuwa wageni wa barabara zao wenyewe, hadi mazoea mapya yalipotulia.

Mgeni naye hupitia hali hiyo kwa siku chache badala ya miaka. Siku ya kwanza hushika usukani kwa mikono miwili na kujikumbusha upande katika kila kona. Hatari humjia siku ya tatu au ya nne, mwili unapolegea kabla mazoea mapya hayajaota mizizi. Mimi mwenyewe niliwahi kutoka kwenye kituo cha mafuta alfajiri, barabara ikiwa tupu pande zote, nikageuka na kwenda zaidi ya mita 200 katika upande usiofaa kabla ya kuona taa za gari zikinijia. Nilikuwa nimeendesha siku tano bila kosa. Katika msongamano magari mengine humwonyesha mtu upande wake. Barabara tupu haimwonyeshi chochote, na hapo mazoea ya zamani huamka.

Kwa sababu hiyo, kati ya njia mbili zinazofika mahali pamoja, ile yenye magari ya wastani na mstari wa katikati uliochorwa ni bora kwa mgeni kuliko njia tulivu isiyo na mstari, hata kama ya pili inaonekana salama zaidi kwenye ramani. Katika barabara ya Great Ocean Road nchini Australia, inayotembelewa na wageni wengi, mamlaka zimeweka mabango na mishale ya kuwakumbusha madereva kukaa kushoto. Njia zenye vikumbusho vya namna hiyo hazipo kila mahali, kwa hiyo karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye dashibodi na dereva mwenyewe hufanya kazi ileile.

Otomatiki au gia za mkono

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi, kwa kuwa chaguo hili hufanywa kwa bei tu wakati lina uzito mkubwa kuliko yote yanayofuata.

Katika gari la gia za mkono, upande wa usukani ukibadilika, mkono uliozoea gia hukutana na mlango. Mkono mwingine hulazimika kujifunza kazi mpya, na kazi hiyo haikugeuzwa kama taswira kwenye kioo. Gia ya kwanza hubaki mbele kushoto katika magari yote mawili, hivyo kwenye gari la usukani wa kulia iko mbali na dereva na kwenye gari la usukani wa kushoto iko karibu naye. Pedali pia hubaki vilevile, klachi kushoto, breki katikati na mafuta kulia, jambo ambalo ni la heri. Mchanganyiko wa vitu vilivyohama na visivyohama ndio unaochosha. Kijiti cha taa za kuonyesha nacho hakifuati kanuni moja: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa nacho upande wa kulia wa usukani, na mengi ya Ulaya huwa nacho kushoto hata yakiwa na usukani wa kulia, kwa hiyo mgeni anayetaka kuonyesha kona huwasha waipa.

Sasa weka hayo yote kwenye kipilefti. Neno lenyewe limebeba amri ya kukaa kushoto, lakini katika nchi za kuendesha kulia magari huzunguka kinyume na mishale ya saa, na kwa kawaida wenye haki ya kupita hutokea kushoto kwa dereva anayeingia. Dereva wa otomatiki ana jambo moja la kufikiri, nalo ni nani anakuja na kutoka wapi. Dereva wa gia za mkono ana hilo, na klachi, na mkono usiojua gia ya pili iko wapi, na gari linaloweza kuzima katikati ya mzunguko huku nyuma wakipiga honi.

Kwa upande wa gharama, katika nchi nyingi za Ulaya otomatiki bado huwa ghali zaidi na huisha mapema, hasa katika vituo vidogo, hivyo lazima iombwe wiki kadhaa kabla na ithibitishwe kwa maandishi. Nchini Marekani karibu magari yote ya kukodi ni ya otomatiki, na swali halipo. Gia za mkono zina sifa yake kwenye miteremko mirefu ya milima, ambapo dereva hushuka kwa gia ndogo na kuacha injini izuie gari badala ya kuchemsha breki. Hata hivyo otomatiki nyingi nazo zina nafasi ya gia ya chini kwa kazi hiyohiyo, na inafaa kuitafuta kabla ya kuondoka kwenye maegesho, si ukiwa mteremkoni.

Uamuzi wangu ni huu. Upande wa kuendeshea ukibadilika, chukua otomatiki, na kama bajeti haitoshi punguza siku za kukodi kuliko kubadili aina ya gari. Upande usipobadilika, na kama unaendesha gia za mkono kila siku, fedha hiyo iende kwenye bima. Na asiyewahi kuendesha otomatiki hata mara moja ajue kwamba mguu wa kushoto utaitafuta klachi na kukanyaga breki kwa nguvu zote. Auweke nyuma, mbali na pedali, tangu dakika ya kwanza.

Kuna mahali ambapo hata otomatiki haitoshi. Katika Visiwa vya Virgin vya Marekani watu huendesha kushoto, ilhali magari mengi yana usukani wa kushoto, hivyo dereva huketi karibu na ukingo wa barabara na haoni kinachokuja mbele ya lori lililomtangulia. Huko mgeni aamue mapema kwamba hatapita gari lolote kwenye barabara ya njia mbili, na apange muda wa safari kwa kulizingatia hilo.

Gari dogo au gari kubwa

Watu hulinganisha magari haya kwa starehe, na mara nyingine kwa imani kwamba chuma kingi ni usalama mwingi. Katika miji ya kale ya Ulaya, yenye mitaa iliyojengwa kabla ya magari, gari dogo ni salama zaidi kwa sababu dereva anajua pembe zake ziko wapi. Ambaye usukani wake umehama upande hukosea upana wa gari kwa upande wa abiria, na ndiyo maana vioo vya pembeni na rimu za upande huo huumia mara nyingi. Gari likiwa jembamba, kosa hilo huvumilika.

Kwenye barabara za changarawe hesabu hubadilika, lakini si kama inavyodhaniwa. Gari refu la magurudumu manne yenye nguvu hupita juu ya mawe ambayo gari dogo lingeyagusa, ila uzito wake uko juu, na likiteleza kwa kasi hupinduka kwa urahisi zaidi. Nchini Namibia, ambako sehemu kubwa ya mtandao wa barabara ni changarawe, kampuni nyingi za kukodisha huweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa katika mikataba yao, chini ya kile cha sheria, na kikomo hicho kinastahili kuheshimiwa hata barabara inapoonekana laini. Nchini Iceland njia za nyanda za juu zinazoanza na herufi F zinaruhusiwa kwa magari ya magurudumu manne yenye nguvu tu, na ni kosa kukodi gari dogo kwa kutegemea kwamba hali ya hewa itakuwa nzuri.

Kuliko ukubwa, uliza umri wa gari. Mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti, unaozuia gari lisizunguke linapoteleza, umekuwa wa lazima kwa magari mapya ya abiria nchini Marekani tangu magari ya mwaka wa 2012, na katika Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014. Gari dogo lenye mfumo huo ningelichagua mbele ya gari kubwa lisilo nao. Kuhusu mizigo, gari litoshe kuibeba yote ndani ya buti, kwani masanduku yaliyorundikwa kiti cha nyuma huziba kioo, huruka mbele gari likifunga breki ghafla, na huwaita wezi.

Kuchukua gari uwanja wa ndege au kesho yake

Bei na urahisi husema uwanja wa ndege, papo hapo. Umakini unasema kesho. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo kwa kiwango kinacholingana na kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, ambacho ndicho kikomo cha sheria katika nchi nyingi za Ulaya. Aliyeamka alfajiri, akapanda ndege mbili, akasimama kwenye foleni ya uhamiaji na kutua usiku ameshavuka muda huo kabla hajakabidhiwa ufunguo. Kwa safari ndefu, kulala usiku mmoja karibu na uwanja na kuchukua gari asubuhi ni bora kila mara. Kwa safari fupi ya mchana kuchukua gari mara moja hakuna ubaya, mradi dereva atumie nusu saa ndani ya maegesho kurekebisha vioo na kiti, kutafuta swichi za taa na waipa, kuunganisha ramani ya simu na kuzunguka mara mbili tatu.

Nusu saa hiyo itumike pia kuangalia kipimo cha kasi. Marekani na Uingereza hutumia maili, na Ireland ilihamia kilomita mwaka 2005, hivyo anayevuka kutoka Jamhuri ya Ireland kwenda Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, hukutana na namba ndogo zenye maana kubwa zaidi: 60 ya upande mmoja ni takribani 97 ya upande wa pili.

Bima ya msingi au bima isiyoacha deni

Bima ya msingi ya uharibifu hulipa gharama baada ya mteja kulipa kiasi fulani cha kwanza mwenyewe, kiasi ambacho huwa kikubwa na hushikiliwa kwenye kadi yake. Bima ya nyongeza hukipunguza au kukiondoa kabisa. Inaweza kuonekana kwamba hili ni suala la fedha tu, lakini nimeona dereva anayehofia kila mkwaruzo akikaza macho kwenye kioo cha pembeni badala ya mbele. Bima ya nyongeza hununua utulivu, na utulivu ni umakini.

Hata hivyo mkataba usomwe upande wa yasiyolipwa. Tairi, vioo, paa na sehemu ya chini ya gari mara nyingi huachwa nje, na nchini Iceland uharibifu wa kuvuka mto kwa kawaida haulipwi, wala mlango uliong'olewa na upepo. Kilevi, dereva asiyeandikwa kwenye mkataba, na barabara iliyokatazwa huifuta bima yoyote ile, ya bei yoyote. Kosa la mafuta nalo huwa nje: barani Ulaya mpira wa pampu ya mafuta ukiwa wa kijani kwa kawaida ni petroli na mweusi ni dizeli, ilhali nchini Marekani kijani mara nyingi ni dizeli. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Oktoba 2018, alama ya duara ni ya petroli na ya mraba ni ya dizeli, na alama hizo huaminika kuliko rangi.

Kiti cha mtoto: cha kampuni au chako

Cha kwako unakijua na mtoto amekizoea, lakini kilichothibitishwa Marekani hakikidhi sheria za Ulaya, ambako hutakiwa alama ya R44 au R129, na kinyume chake pia ni kweli. Kwa hiyo ukienda kwenye viwango tofauti chukua cha kampuni, ukikague nyufa, mikanda na lebo kabla ya kusaini, na ukifunge mwenyewe.

Dereva mmoja au wawili

Kumwandika dereva wa pili kwa kawaida huongeza gharama ya kila siku, na wanandoa wengi huikwepa, kisha mmoja wao huendesha saa sita akiwa na usingizi huku mwenzake aliyepumzika ameketi kando bila ruhusa ya kumsaidia. Katika machaguo yote haya, hili ndilo la bei nafuu zaidi kwa kile linachotoa. Na asiyeendesha kwa zamu hiyo apewe kazi mbili: ashike ramani ili dereva asiiguse simu, na kila gari linapotoka kwenye maegesho, hotelini au kituo cha mafuta, atamke upande kwa sauti kabla magurudumu hayajagusa barabara, hata siku ya kumi, na hasa barabara ikiwa tupu.